Vidole Vilivyotoka Motoni

Mkija kwangu Nambis na mtoto mchanga, msishangae nikimshika mkono kabla sijaitikia shikamoo zenu. Sijakosa adabu. Ni vidole tu, vyenyewe vinakwenda upande wa ndani wa mkono wa mtoto, kati ya kwapa na kiwiko, vinabonyeza kidogo na kusubiri. Nimestaafu uuguzi. Nina shamba la mahindi na maharage, nina ng'ombe wawili na mbwa mmoja asiye na akili, lakini vidole hivi havijapokea barua ya kustaafu. Hata kanisani, mama akikaa mbele yangu na mtoto mgongoni, mimi naangalia rangi ya midomo ya mtoto wakati wenzangu wanasikiliza mahubiri. Padri anajua. Ameshaacha kuniuliza.

Ninaowaandikia ni nyie mnaoanza kazi. Binti wa kaka yangu, Neema, amepangiwa kituo cha afya upande wa Hanang, karibu na Gehandu. Akanipigia simu: "Shangazi, huku hakuna bingwa wa watoto. Niandikie unayoyajua kuhusu mtoto ambaye moyo umesimama. Nitawasomea na wenzangu." Nikamjibu nitaandika wiki hiyo hiyo. Imechukua miezi. Kila nikifika ukurasa fulani nilikuwa nainuka kwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe hawakuwa na shida yoyote.

Basi nianze na Tabibu Boay, maana yeye ni rahisi kumsimulia.

Tabibu Boay ndiye aliyekuwa mkubwa wetu wodi ya watoto, hospitali ya Mbulu, nilipopelekwa pale nikiwa msichana mwenye kofia iliyopigwa wanga. Mfupi, sweta la kahawia lililotoboka viwiko, na sauti ambayo hakuipandisha hata siku moja. Hakuwa na haja, kwa sababu ulimi wake ulitosha. Ukimwambia, "Tabibu, mtoto anaendelea vizuri," alikuwa anaweka kalamu chini na kukutazama. "Umeona nini? Mimi sikukuuliza maoni." Ukianza na "naona kama," ndiyo umeharibu kabisa. "Naona Kama ni mgonjwa wa kitanda namba ngapi?" Wodi nzima inacheka, na wewe unatamani sakafu ipasuke.

Lakini alifundisha. Alikuwa anasema moyo wa mtoto ukisimama kuna maswali mawili, na mjinga ndiye anayedhani ni swali moja. La kwanza, damu inatembea? La pili, hewa imefika kwenye nyama ya mwili? Unaweza kumpuliza mtoto kwa ule mfuko wa mpira tunaouita ambu, kifua kikapanda vizuri kabisa, ukajisifu. Kumbe hewa imeishia kwenye mapafu, kama mzigo ulioshushwa stendi na hakuna wa kuupeleka nyumbani. Damu ndiyo inayobeba. Damu isipotembea, ubongo hauna habari na ufundi wako wa kupuliza.

Kwa hiyo, wanangu, mmoja akikandamiza kifua, mwingine akiwepo aweke vidole kwenye kinena. Kila mkandamizo, pale chini pasikike kitu kinapiga. Kisipopiga, mwambie mwenzako aongeze nguvu, kifua kishuke theluthi yake, halafu aachie kifua kirudi juu chote kabla hajakandamiza tena. Msioneane haya. Na mbadilishane, dakika mbili zinatosha, kwa sababu mtu aliyechoka hajijui kuwa amechoka. Mimi nilikuwa nabishana nikiambiwa nipumzike, hadi siku Tabibu Boay aliponisukuma pembeni kwa nyonga kama mtu anayepita kwenye foleni ya unga.

Kuhusu rangi, funueni mdomo. Ulimi na fizi. Nyie mliosomea kwenye joto mtakuja huku na vitabu vyenu mkibonyeza kisigino cha mtoto na kuhesabu damu irudi. Mwezi wa saba, Mbulu, na ukungu umekaa mpaka saa nne? Kisigino cha mtoto mzima anayekula uji wake kitakudanganya. Bonyeza katikati ya kifua, ndiko kwenye joto. Nimewaona vijana wakikimbizana na dripu kwa sababu ya mguu wa mtoto ambaye alikuwa amevua soksi tu.

Sasa mtasema, Bibi, siku hizi tuna mashine. Najua. Ile ya kubana kidoleni, inayoonyesha namba ya oksijeni na mapigo. Ilitufikia wakati Manyara imeshakuwa mkoa, maana nilipoanza kazi sisi tulikuwa bado ni Arusha. Ilikuja moja, ya msaada. Matroni aliipenda mno. Akaifungia kabatini, akaifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na ufunguo ukakaa kwenye mkoba wake. Mtoto akizidiwa, kwanza unatafuta matroni, halafu unatafuta mkoba. Tulipomwomba asiilaze kabatini, alisema, "Mtaiharibu." Ni kweli tungeiharibu. Kitu kinachofanya kazi huharibika.

Hata ilipotoka kabatini ilitutoa jasho. Baada ya Idi, familia moja ya wafanyabiashara ilimleta binti wao wa miaka minne, anakohoa. Mama zake wadogo walikuwa wamempamba kucha zote kwa hina, wakaongeza piko juu, nyeusi tii. Nesi mmoja mgeni akambana mashine, akaona namba, akapiga kelele wodi nzima tukakimbia na mtungi wa oksijeni. Tunafika, mtoto anaomba soda. Tukahamishia mashine kwenye ndewe ya sikio, namba ikawa ya mtu anayeomba soda.

Kosa la upande wa pili ndilo baya zaidi. Mtoto moyo umesimama, mnakandamiza, mtu anambana mashine, na mashine inachora mapigo safi kabisa. Mnafurahi. Mkitoa mikono, mchoro unalala. Ilikuwa inahesabu mikandamizo yenu. Kwa hiyo ikikupa namba nzuri, mtazame mtoto ndipo uitazame tena mashine, na ujue namba ya kidoleni huwa imechelewa nyuma ya moyo. Siidharau. Ningekuwa nayo asubuhi moja ninayoijua, labda ningemtazama mara mbili yule mtoto.

Ndiyo, nimefika kwenye ule ukurasa. Ng'ombe wameshakunywa maji, sina kisingizio.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanaanza kuota Katesh na Dongobesh, na mitumba ikawa inaingia kwa marobota, kila nesi akapata sweta la Ulaya. Kwenye korido ya wodi yetu kulikuwa na jiko la mkaa. Zamani tulichemshia sindano pale. Sindano za kutupa zilipokuja, jiko lilibaki, kwa sababu ya baridi. Maji ya kunawia yalikuwa yanatoka kwenye tangi la nje, yanauma mpaka kwenye mfupa. Ukimgusa mtoto na mikono ile, anashtuka na kulia, huwezi hata kusikiliza kifua. Ndiyo maana Tabibu Boay aliweka sheria: nawa, halafu pasha mikono jikoni, ndipo umguse mtoto. "Sitaki mikono ya chura kwenye wodi yangu." Tuliitii kuliko sheria nyingine zote, maana ilikuwa tamu.

Asubuhi hiyo alikuja mama mmoja kutoka Maretadu, amembeba mtoto wake wa kwanza, Fabiano, wa miezi kumi. Mtoto ameharisha na kutapika siku tatu. Macho yameingia ndani, utosi umebonyea, hana machozi. Tabibu alihangaika mpaka akapata mshipa, dripu ndiyo kwanza inaanza kushuka, nikasikia ananiita jina langu bila kuweka "sista" mbele. Hapo nilijua. Mimi nilikuwa jikoni, viganja karibu viguse makaa.

Nikakimbia. Alikuwa ameshakizungushia kifua mikono miwili, vidole gumba katikati, anakandamiza. "Puliza!" Nikachukua ambu, nikapuliza. Tulikuwa wawili tu. Sijui tulikwenda muda gani. Akasimamisha mikono, akasema, "Angalia mapigo."

Nikaweka vidole vyangu kwenye mkono wa mtoto. Na mapigo yakaja. Tu, tu, tu. Mengi, ya haraka, yenye nguvu.

"Yapo!"

"Una uhakika?"

"Yapo, Tabibu. Mazuri kabisa."

Sikusema "naona kama." Alikuwa amenifundisha vizuri.

Akatoa mikono, akageukia dripu iliyokuwa inataka kuchomoka. Mimi nikaendelea kupuliza, na nilifurahi, wanangu, nisiwafiche. Kifua kinapanda, kinashuka. Nilikuwa nawaza nitakavyowasimulia wenzangu wakati wa chai. Yule mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, tulikuwa tumesahau kumtoa nje. Akasema taratibu, "Sista, mbona ulimi wake unazidi kuwa mweusi?"

"Mama, tulia. Mtoto amesharudi."

Akamgeukia Tabibu, sauti ile ile. "Daktari. Ulimi."

Tabibu akageuka, akafunua mdomo wa mtoto, akaweka stetoskopu kifuani. Akarudisha mikono, akaanza kukandamiza tena, na mimi nikapuliza. Tulikwenda mpaka jasho likamshuka Tabibu puani kwenye baridi ile. Mwishowe Fabiano akavuta pumzi yake mwenyewe, akatoa sauti ndogo ya hasira, na ulimi ukaanza kuwa mwekundu polepole, kutoka katikati kwenda pembeni. Sijaona rangi nzuri kuliko ile mpaka leo.

Mchana Tabibu aliniita koridoni. Nilijua ananifukuza. Akaniambia, "Pasha mikono." Nikapasha. "Zaidi." Nikapasha mpaka inawasha. "Sasa weka vidole kwenye benchi, bonyeza." Nikabonyeza ubao.

"Unasikia nini?"

Nikasikia tu, tu, tu.

"Hongera," akasema. "Benchi limepona."

Sikuweza kucheka, na yeye pia hakucheka. Vidole vya baridi ukivipasha ghafla, damu yako inarudi navyo vinapwita. Ukibonyeza kwa nguvu, na una hofu, unasikia moyo wako mwenyewe. Akasema, "Nami nimekosea. Mimi ndiye niliyewatuma motoni." Kesho yake jiko lilitolewa. Kuanzia hapo, anayeangalia mapigo alipaswa kuweka mkono wa pili shingoni kwake mwenyewe. Yakilingana, ni yako, hujapata kitu. Abonyeze kidogo, asipitishe sekunde kumi, na akiwa na shaka mikono irudi kifuani. Lishikeni hilo hata msiposhika lingine.

Mngependa niishie hapo, na mimi ningependa. Ndivyo nilivyokuwa nikiwasimulia wanafunzi miaka yote, wanacheka kwenye benchi, tunakwenda kunywa chai.

Lakini jioni ile, kabla sijatoka zamu, nilijaza daftari la wodi. Kwenye sehemu ya maelezo niliandika: "Aliletwa akiwa amechelewa." Basi. Haukuwa uongo, siku tatu za kuharisha ni nyingi. Kuhusu vidole vyangu sikuandika kitu. Na siku waliporuhusiwa, nilipompa mama dawa za kwenda nazo, nilimwimbia wimbo wetu wa wodi, ule tunaouimba wote bila hata kuutafakari: "Mama, siku nyingine mlete mapema."

Fabiano alipofika mwaka na nusu, mama yake alimleta kliniki. Mtoto amechelewa kutembea. Mkono wa kushoto ameukunja, ngumi haifunguki. "Sista, kwa nini mkono huu haushiki?"

Nilikuwa nimeukamata mkono wenyewe. Nikasema, "Ni ule ugonjwa, mama. Alichelewa kufika."

Je, ni zile siku tatu zilizoharibu mkono, au ni muda ule nilioshangilia moyo wangu mwenyewe? Sijui. Hakuna daktari atakayeniambia. Hakuna aliyeangalia saa. Nimeshaigiza mara nyingi, usinicheke Neema: nasimama jikoni kwangu, nasema "yapo," nageuka kama Tabibu, nasema maneno ya mama, nahesabu. Siku nyingine inatoka dakika moja. Siku nyingine mbili na zaidi. Namba hazitulii, na mimi situlii.

Na yule mama, kila baada ya mavuno, aliniletea sado ya maharage, ile ndoo ndogo ya kupimia. Miaka yote. "Ya kukushukuru, sista, kwa kumrudisha mwanangu." Nilikuwa napokea kwa mikono miwili, namsindikiza hadi getini, halafu nawagawia majirani.

Ndiyo maana barua hii ilikwama. Nilikuwa nimeandika, "Neema, daima sema ukweli kwenye faili la mgonjwa," nikautazama ule mstari, nikaukata. Asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Maretadu.

Nilimkuta Mama Fabiano jikoni kwake anapukuchua mahindi. Alifurahi mno. Akanipa kigoda, akanimiminia chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, ya moto sana, nikakishika kwa mikono yote miwili. Nikamwambia yote. Jiko, vidole, "mazuri kabisa," benchi, daftari. Sikujitetea, na kama nilijitetea ni kidogo.

Aliendelea kupukuchua. Gunzi likaisha, akachukua lingine.

"Ilikuwa muda gani, sista?"

"Sijui, mama. Hatukuangalia saa."

Akasema, "Siku ile ya tatu nilitaka kutoka alfajiri. Baba Fabiano alikuwa ameenda mnadani Katesh na ng'ombe. Mama mkwe akasema nimsubiri. Nikasubiri siku nzima. Uliponiambia nimechelewa, nilirudi na hilo neno nyumbani. Nilimlaumu baba yake mpaka alipokufa. Kitandani alikuwa ananiomba msamaha kwa ajili ya ule mnada, na mimi nikamwambia Mungu ndiye atakayekusamehe."

Akalizungusha gunzi mkononi.

"Na nikajilaumu mwenyewe. Kila nikimwona anafunga kifungo cha shati kwa mkono mmoja." Akaweka gunzi chini. "Mimi ndiye niliyeuona ulimi, sista. Nilikuambia. Ukaniambia nitulie. Nimetulia mpaka leo."

Wanangu, nimewahi kusemwa na madaktari, na matroni, na mkaguzi kutoka mkoani mbele ya wanafunzi wangu. Vyote hivyo niliweza kuvila na ugali. Hili sijaweza. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, na yeye hakunibembeleza. Alikuwa na haki.

Kwa hiyo Neema, ule mstari nimeurudisha. Andika muda. Andika nani alishika mapigo na alisikia nini, hata kama alisikia vibaya, hata kama ni wewe. Na mama akisema ulimi unakuwa mweusi, geuka uutazame. Yeye ndiye anayemjua mtoto akiwa mzima, hakuna mashine inayomjua hivyo.

Nikiwa bado nafuta machozi, mlango ukasukumwa. Akaingia mwanaume mrefu, ndoo ya maziwa mkono wa kulia, wa kushoto ameubana kifuani. Akaiweka ndoo chini kwa uangalifu. "Shikamoo, sista."

"Marahaba, Fabiano."

Anaongea polepole, lakini anaongea. Wananiambia hakuna anayemshinda kumtambua ng'ombe mgonjwa. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi na macho yangu mekundu, akauliza kuna msiba gani.

Mama yake alinisogezea kigoda cha pili kwa mguu, kiwe mbele yangu.

"Sasa mwambie na yeye," akasema. "Mkono ni wake."

Nikaweka kikombe chini. Fabiano akakaa. Nikasubiri vidole vipoe, nikakishika kile kiganja cha kushoto kilichokunjamana, nikaanza kumweleza tangu kwenye jiko.